Mandari si anasa: siku ya familia nje ya nyumba, na mama naye apumzike



Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema mtembezi hula miguu yake. Ya pili yasema mtembea bure si mkaa bure. Katika nyumba zetu nyingi ile ya kwanza ndiyo wasomewayo mama na mabinti, na ya pili wakaachiwa baba na vijana wa kiume. Baba ana baraza yake baada ya swala ya Isha. Kijana ana uwanja wa mpira. Mtoto mdogo walau ana njia ya kwenda chuoni na kurudi. Mama hana pa kwenda ila arusini na matangani, na huko kote huenda kufanya kazi: kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kuosha sinia. Akirejea nyumbani husemwa kwamba leo ametoka.

Likizo ya Agosti imeingia. Shule zimefungwa, watoto wamejaa vyumbani, na simu zimekuwa ndizo walezi. Nje, upepo wa kusi ungali wavuma, jua si kali kama lile la Februari, na mvua za masika zimeiacha nchi na majani mabichi. Kwa hivyo juma hili twataka kuzungumza juu ya mandari ya familia: kwa nini twaihitaji, ni wapi pa kwenda kutoka hapa mjini Mombasa na kurudi siku ile ile, na tahadhari zipi za kuchukua. Tena tutasema jambo moja ambalo twaliona kuwa ndilo kiini cha mazungumzo yote: mandari isiyompumzisha mama si mandari, ni jiko lililohamishwa.

Kwa nini tutoke

Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na ua. Uani watoto walicheza, nguo zilianikwa, na wanawake walipata jua na hewa bila ya kutazamwa na mpita njia. Nyumba za leo ni ghorofa juu ya ghorofa, na ua umegeuka kuwa roshani ya hatua tatu yenye kamba za nguo. Hatulaumu, mji umejaa na ardhi ni ghali. Lakini haja ya mwili na ya roho haikuondoka pamoja na ua. Mtoto aliyezaliwa katika kisiwa cha Mombasa, chenye maji pande zote, aweza kutimiza miaka 10 bila ya kujua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Na mama yake aweza kukaa mwaka mzima asikanyage mchanga, ilhali ufuo uko umbali wa matatu moja.

Wako wanaosema kwamba matembezi ni mambo ya wageni na ya wenye fedha. Sivyo. Wazee wetu walikwenda mandari, na desturi ya kuvunja jungu katika siku za mwisho za Shaabani, ambapo watu hula na kufurahi pamoja kabla ya mfungo, ingali hai. Watoto nao wanaujua uwanja wa Makadara katika siku za Idi. Na katika sira ya Mtume, rehma na amani zimfikie, imepokewa kwamba alishindana mbio na mkewe Bi Aisha walipokuwa safarini, wenzao wakiwa wametangulizwa mbele. Mara ya kwanza Bi Aisha ndiye aliyeshinda. Miaka ilipopita na mwili wake ukawa mzito, walishindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa utani kwamba hiyo ni badala ya ile ya kwanza. Furaha hiyo ya mume na mke haikuwa chumbani. Ilikuwa njiani, chini ya mbingu, katikati ya safari yenye mashughuli mazito.

Nani abebe kikapu

Na tuitazame mandari ya kawaida katika nyumba zetu. Mama huamka saa tisa za usiku akakanda mahamri, akapika mbaazi, akakaanga samaki, akatia pilau katika sufuria lililofungwa kwa kitambaa. Huwatafutia watoto nguo za kubadilisha, miswala, taulo na dawa. Wakifika ufuoni, yeye ndiye atandikaye mkeka, yeye ndiye apakuaye, yeye ndiye alindaye viatu na pochi za wenzake wote. Watoto hutoka majini wakamwendea yeye awapanguse mchanga. Jioni hurudi na vyombo vichafu, na nguo zenye chumvi humngoja hadi siku ya pili. Baba naye amelala usingizi mzuri chini ya mvinje, na usiku huo husema, “Alhamdulillahi, leo tumepumzika.” Neno “tumepumzika” hapo limekosa mtu mmoja.

Tunasema haya si kwa kuwagombeza kina baba, ambao wengi wao hutoa nauli kwa tabu na kwa mapenzi. Tunasema kwa sababu marekebisho yake ni mepesi, na hayahitaji fedha.

La kwanza ni chakula. Siku ya mandari kiwe chepesi, na kiandaliwe tangu jana yake: chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, achari, na chupa ya chai. Vitu vya moto vinunuliwe huko huko. Viazi vya karai, mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, bajia na madafu vipo tele, na yule anayeviuza naye huwa ni mama wa watu anayelisha nyumba yake.

La pili ni kugawa kazi kabla ya kutoka, kila mtu akatajwa kwa jina. Baba achukue maji ya kunywa na mizigo mizito, na zamu ya kwanza ya kuwalinda watoto majini iwe yake. Vijana wa kiume wabebe mikeka, wakusanye taka, na jioni ile ile waoshe vyombo. Mabinti wasifanywe wasaidizi wa jikoni siku nzima. Wao pia ni watoto, nao wana haki ya mawimbi. Nyanya apewe kiti chake, kwani kuketi chini na kuinuka ni taabu kwa magoti ya umri wake.

La tatu ni kumpa mama saa mbili zilizo zake. Katika saa hizo asiulizwe chumvi iko wapi, wala nani amechukua kiatu cha nani. Akitaka kutembea, atembee. Akitaka kusoma uradi wake akitazama bahari, asome. Akitaka kulala, alale. Mwenye kudhani kwamba saa mbili ni nyingi, naahesabu tangu Idi iliyopita mkewe alikaa lini saa mbili pasi na kuitwa.

Na kwa upande wa fedha, twashauri kibubu. Kila juma nyumba itie kidogo kilichopatikana, watoto nao watie sehemu ya vipeni vyao, na mwisho wa muhula kivunjwe mbele ya wote. Mtoto aliyechangia nauli huithamini safari.

Pa kwenda

Pa kuanzia ni pale pa karibu na pasipohitaji zaidi ya nauli: bustani ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, ambayo wengi wetu tungali twaiita Laithausi. Ilitengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa mwaka huo zilifanyika hapo. Chini ya mibuyu mikongwe mtu huziona meli zikipita karibu mno, zikielekea bandari ya Kilindini, hata watoto wakahesabu makontena. Wakati wake mzuri ni baada ya swala ya Alasiri hadi kukaribia Magharibi. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mzee asiyeweza safari ndefu, hapa panatosha.

Pa pili ni Ngome ya Mombasa, ijulikanayo kwa jina la Fort Jesus, pamoja na Mji wa Kale unaoizunguka. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia mwaka 1696, wakaitwaa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya zaidi ya miaka miwili. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watoto wetu wengi huipita kila siku wakienda sokoni na hawajapata kuingia. Waingie asubuhi, kabla mawe hayajapata moto. Kisha wapitishwe katika vichochoro, waoneshwe milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na waambiwe nani katika ukoo wao alizaliwa katika mtaa upi. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha shule. Limo katika kumbukumbu ya nyanya, naye ndiye apasaye kuwa kiongozi wa msafara siku hiyo.

Pa tatu ni Bamburi, kwenye Haller Park. Twaipenda si kwa ajili ya twiga na viboko tu, bali kwa hadithi ya ardhi yake. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, shimo jeupe lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu kuotesha miti katika jangwa hilo. Katika aina 26 zilizopandwa, ni 3 tu zilizostahimili, na mmojawapo ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yalirundikana bila ya kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza kuwa mbolea. Hivyo ndivyo msitu ulivyosimama: kwa kazi ya mdudu ambaye watoto wetu humponda kwa kiatu. Mzazi akilisimulia hili papo hapo chini ya kivuli cha mivinje, hatahitaji kuongeza mawaidha. Hapo ndipo pia alipoletwa mwana wa kiboko aliyepewa jina la Owen, aliyeokolewa upande wa Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mama yake. Si mbali na hapo, upande wa bara, iko Nguuni, uwanda wa nyasi wenye twiga, mbuni na pofu, ambako familia nyingi hupenda kukaa jioni na kulitazama jua likituwa.

Pa nne ni Jumba la Mtwana, kaskazini mwa mlango wa bahari wa Mtwapa. Huu ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliohamwa mapema katika karne ya 15, na sasa ni magofu yaliyo chini ya miti, yakiteremka hadi ufuoni. Kina dada zetu twawaombeni mwende mkaone jambo moja. Katika msikiti ulio kando ya bahari, wataalamu wa mambo ya kale wameona dalili za chumba kilichotengwa kwa ajili ya wanawake kuswali. Yaani miaka 600 iliyopita na zaidi, wajenzi wa pwani hii walipokuwa wakipima kuta za msikiti, walikumbuka kwamba wanawake nao wana swala. Tutarudi kwenye jambo hili hapo mbele.

Pa tano ni Kusini, kwa wale wenye siku nzima. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968 katika Kwale, iko umbali wa kilomita 30 na ushei kutoka Mombasa. Hewa yake ni baridi, kuna tembo, na ndipo mahali pekee katika Kenya aonekanapo palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Maporomoko ya Sheldrick huendewa kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Viatu viwe imara, na wenye magoti mabovu wabaki juu, kwani kupanda kurudi ni kazi.

Mbele zaidi, takriban kilomita 50 kutoka mjini, kiko kijiji cha Gazi. Hapo kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, nao huwatembeza wageni, na huwapikia chakula wakipewa habari mapema. Kijiji hicho hicho ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 hupata fedha kwa kuihifadhi mikoko, kwani mikoko huvuta hewa chafu ya kaboni na kuifungia katika tope. Fedha hizo zimesaidia maji na shule ya kijiji. Familia inayokwenda Gazi hula chakula kilichopikwa na wengine, mama akiwa mgeni, na malipo yake yakaingia mikononi mwa wanawake wenzake. Kama tungeulizwa ni mandari ipi moja ya kuchagua likizo hii, tungetaja hii.

Viingilio hubadilika, na sehemu nyingi za serikali siku hizi hupokea malipo kwa simu kupitia eCitizen wala si taslimu. Basi pigeni simu au ulizeni siku moja kabla ya kutoka, na vitambulisho viwe mfukoni, kwani bei ya mwananchi si bei ya mgeni.

Kivuko, bahari na mwezi

Wendao Kusini kwa kivuko cha Likoni wasisahau kwamba maji hayana mazoea. Wazee wangali wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Walio na gari, dereva abaki peke yake, na mama na watoto wavuke kwa miguu wakishikana mikono. Wasiopenda kivuko wana barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kupitia upande wa bara.

Na kuhusu bahari yenyewe, Waislamu tuna kalenda inayotusaidia, ila tumeacha kuisoma. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa mno na kupwa mno, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hivyo siku za mwanzo wa mwezi wetu wa Kiislamu, na zile za baada ya mwezi 14, maji hapa Mombasa hupwa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja za alasiri. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikifika mwezi 7 au 8, na tena mwezi 22, mambo huwa yamegeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, nayo huwa ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

Mwenye kujua hivi hupanga siku yake kwa akili. Akitaka watoto wadogo wacheze katika vidimbwi na kutazama kaa na vijisamaki, ataichagua asubuhi ya bamvua. Lakini hapo pana hatari mbili. Wanaotembea juu ya mwamba waanze kurudi mara tu maji yanapogeuka, kwani hujaza nyuma yao kwanza kabla ya kuwafikia miguuni. Na maji yanapokuwa yakitoka kwa nguvu, mtu asiogelee karibu na mlango wa mwamba, maana mkondo hapo humchukua hata mwogeleaji hodari. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu huuita Paireti, siku za sikukuu umati huwa mkubwa na watoto hupotea. Mwandikieni kila mtoto nambari ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi. Chagueni mti mmoja au kibanda kimoja kiwe ndipo pa kukutania. Boya la mpira si mlinzi. Huchukuliwa na upepo. Mlinzi ni mtu mzima mmoja mwenye zamu, aliyesimama, asiye na simu mkononi, na zamu hiyo ikabidhiwe kwa maneno: “Sasa ni wewe.” Kuzama hakuna kelele. Mtoto huzama kimya, hatua kumi kutoka kwa watu wanaozungumza.

Swala, stara na usafi

Mandari isitunyime swala. Wengi wetu hapa Pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na masafa ya kupunguza swala katika madhehebu hayo ni zaidi ya kilomita 80. Sehemu zote tulizozitaja ziko ndani ya masafa hayo, kwa hivyo swala huswaliwa kamili na kwa wakati wake. Mwenye udhuru maalumu na amuulize sheikh wake. Chukueni mswala, kitambaa cha kujisitiri, na dumu moja la maji matamu kwa ajili ya udhu na ya kuwaoshea watoto chumvi.

Nguo za kuogea zinazositiri zapatikana madukani, na hata dera pana lenye suruali ndani yatosha katika maji ya magotini. Mama au binti atakaye kuingia majini asizuiliwe na maneno ya watu, maadamu amejisitiri na mahali pana usalama. Wakati wa asubuhi mapema, katika siku zisizo za mapumziko, ufuo huwa mtupu, na kundi la kina mama wa mtaa mmoja waweza kwenda pamoja wakawa na nafasi yao.

Na taka zirudi nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe. Hili lisitushinde sisi, ambao mama zetu walisuka vikapu vya ukili na kufunika chakula kwa kawa muda mrefu kabla ya plastiki kuzaliwa.

Njia na maji: haki yetu

Sasa turudi Jumba la Mtwana. Wajenzi wale walikumbuka swala ya wanawake. Sisi wa leo, katika fukwe na bustani zetu, mara ngapi tumemkuta mama akizunguka na binti yake akitafuta choo safi, au penye mfereji wa kutilia udhu, au pembe moja ya kuswali pasipopita watu? Wanaume huenda msikiti wa karibu. Yeye hungoja, au huwahimiza watoto warudi nyumbani kabla ya wakati. Mara nyingi mama asemapo kwamba hapendi matembezi, sababu si matembezi. Sababu ni kwamba hatakunywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa kukosa pa kwenda.

Pana na jambo la njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Ufuo basi ni wetu sote. Lakini haki ya ufuo haina maana ikiwa njia ya kuufikia imezibwa kwa ukuta na lango, na vichochoro ambavyo wavuvi na watoto walivipita vizazi na vizazi vimekuwa vikipungua. Ukuta mmoja ukijengwa, wa kwanza kurudi nyuma ni mama mwenye mtoto mgongoni. Kijana ataruka au atazunguka.

Katiba hiyo hiyo yazitaka serikali za kaunti ziwashirikishe wananchi, na ndiyo maana mikutano ya maoni ya umma juu ya bajeti huitishwa kila mwaka. Aghalabu viti vya mbele katika mikutano hiyo hukaliwa na wanaume, na maombi huwa ni barabara na taa. Twawaombeni kina mama, kundi la watu watano au sita kutoka kila mtaa, mhudhurie mwaka huu mkiwa na ombi moja lililoandikwa: choo cha wanawake kilicho safi, mfereji wa maji, na chumba kidogo cha swala katika kila ufuo na bustani ya umma, pamoja na njia za ufuoni kuwekewa alama na kuachwa wazi. Waume zetu nao wawasindikize, wawalindie watoto siku hiyo, na wasiwasemee.

Hadi hapo litakapotimia, msingoje. Likizo ina majuma machache. Wekeni siku, tazameni mwezi uko ngapi, gaweni kazi kwa majina, na kitakachobaki cha pilau ya Ijumaa kitiwe katika kikapu. Mama akiuliza abebe nini, aambiwe abebe buibui yake na miwani yake tu.

Allah azijaalie nyumba zetu furaha ya halali na azilinde safari zetu. Amin. Juma lijalo, insha'Allah.